Muuza kahawa akifunga dele, muondoe kiongozi wako

Mpwa wangu alikuja nyumbani wiki iliyopita baada ya Magharibi, miwani myeusi imening'inia kwenye kola ya shati. Amepata kazi. Kapangiwa kwenye timu ya walinzi wa kiongozi mmoja, na msimu wa kampeni ndio huo unakuja. "Mjomba," akaniambia, "nipe la kunifaa." Tulikaa mpaka usiku mkubwa, na alipoondoka nikaona yale niliyomwambia niyaandike. Vijana wengi wa Unguja na Pemba wanaingia kwenye kazi hii wakiwa wamefundishwa kulenga shabaha na kuendesha gari kwa kasi, lakini hakuna aliyewafundisha kusimama mbele ya watu wao wenyewe.

Mimi nilitoka kwenye kimojawapo cha vikosi vya SMZ, yaani Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Nilimlinda kiongozi wa kitaifa tangu 1999 mpaka 2010. Jina lake sitalitaja, wala cheo chake. Nilikula kiapo, na kustaafu hakukifuti. Hapa nitamwita Mzee, kama nilivyokuwa nikimwita.

Waliokuwa wadogo wakati ule wajue hali ilivyokuwa. Uchaguzi wa 1995, wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, ulituacha tumegawika hadi majumbani. Jirani hanunui dukani kwa jirani. Watu walisusiana harusi, kisha wakasusiana maziko. Baada ya uchaguzi wa 2000 mambo yakazidi, na tarehe 27 Januari 2001 maandamano ya Unguja na Pemba yakakutana na risasi. Walikufa watu zaidi ya 30, wengi wao Pemba, na wengine kwa maelfu wakavuka bahari kwenda Shimoni, Kenya. Sasa mimi ni mtoto wa Wete, Pemba. Fikiria mtoto wa Wete, mwaka ule, amesimama nyuma ya kiongozi wa Serikali na bastola kiunoni. Mama yangu alikuwa akifika mferejini, wenziwe wanachukua ndoo zao wanaondoka.

Nilianza na ile miwani. Nilimwambia mpwa wangu aivue na asiivae tena kazini ila jua likimzuia kuona. Mlinzi ambaye macho yake hayaonekani haamkiwi, na asiyeamkiwa haambiwi kitu. Karibu kila jambo la maana nililolijua mapema nililijua kwa mtu wa kawaida. Mama mmoja muuza mandazi ndiye aliyenambia kuwa nyuma ya skuli tuliyokuwa tunakwenda vijana wanakusanya mawe tangu alfajiri. Alinambia kwa kuwa jana yake nilipita kwake, nikampa sabalkheri, nikamuuliza hali za watoto, nikanunua mandazi nikayala palepale. Hakuwa mtu wa chama chetu, na nadhani mpaka leo si wa chama chetu. Lakini hakutaka mtu aumie karibu na meza yake.

Mafunzoni tuliambiwa tutazame mikono, maana sura inadanganya. Ni kweli, ila Pemba msimu wa karafuu kila mkono umeshika kitu. Huyu anatoka shamba na panga, yule ana kisu kidogo, watoto wamebeba mapakacha. Ukimshuku kila mwenye panga utaona kisiwa kizima ni adui, na ukishafika hapo huna tena unachokiona. Mimi nilijifunza kutafuta kisicholingana na wenzake. Mkono mmoja umefichwa wakati wote wanapiga makofi. Koti zito katika joto la kaskazi. Mtu anayekwenda upande usio wa wengine. Na zaidi ya yote, mtu ambaye, Mzee akizungumza, yeye hamtazami Mzee, ananitazama mimi. Huyo ndiye niliyekuwa nikimsogelea, taratibu, kwa salamu. Mara nyingi alikuwa kijana tu anayeitamani bastola. Salamu haigharimu kitu.

Siku moja nilikosea, na ni kosa ninaloamka nalo usiku. Ilikuwa 2000, kabla ya uchaguzi, kijiji kimoja njia ya Konde. Mkutano ulikuwa wa moto, tulikuwa tumelala kwa saa mbili tu, na nilikuwa nimeambiwa kuna tishio. Mzee anateremka jukwaani, mzee mmoja wa makamo ya baba yangu akachomoka pembeni na bakora mkononi, mkono wa pili umo ndani ya kanzu. Nilimsukuma kwa kifua na bega. Akaanguka. Kofia yake ikaruka, nikaikanyaga. Mkono ule ulipotoka ndani ya kanzu ulikuwa na karatasi iliyokunjwa, barua ya kuomba kijiji chao kipatiwe maji.

Kwa vitabu vya kazi sikukosea. Wakubwa zangu walinipongeza. Lakini nilimwona mjukuu wake, kijana wa miaka kama kumi na mitano, akimwinua babu yake na kunitazama. Kijana yule nilimjua siku ileile atakuwa upande gani maisha yake yote, na niliyempeleka huko ni mimi.

Baada ya miaka mitatu nilirudi kuomba radhi, nikiwa na kofia mpya ya viua, kazi nzuri kabisa. Alinikaribisha, akanipa kahawa. Sura yangu hakuikumbuka mpaka nilipojitaja. Kofia hakuipokea. Akasema, kwa upole sana, "Ile alinishonea marehemu mke wangu." Tukanywa kahawa yetu, tukazungumza habari za mvua, nikaondoka nayo kofia yangu. Ninayo mpaka leo kabatini, sijaivaa.

Kwa hiyo namwambia kila anayeanza: kuna njia ya kumzuia mtu bila kumwangusha. Jiweke kati yake na kiongozi, fungua viganja, mshike kifundo cha mkono kwa mikono yako miwili kama unayempa heshima, sema "Karibu mzee, nipe mimi nimfikishie." Mkono ulioshikwa hivyo hauwezi kuchomoa kitu, na mwenye mkono haoni kama amedhalilika. Lifanyie mazoezi jambo hilo mara nyingi kuliko unavyofanya mazoezi ya bastola. Bastola sikuwahi kuifyatua kazini hata mara moja. Mikono ya watu niliishika kila siku.

La mazoea nalo lina uzito wake. Kila mlinzi wa Zanzibar anafundishwa habari ya tarehe 7 Aprili 1972, Rais Abeid Karume alipopigwa risasi Kisiwandui, makao makuu ya chama tawala cha wakati ule, ASP, akicheza bao. Alikuwa mahali alipopazoea, jioni, na watu aliowazoea. Somo tulilopewa ni kuwa hatari inapenda saa na kiti visivyobadilika. Mzee wangu naye alikuwa na baraza yake Mji Mkongwe, kila siku baada ya Isha, kiti kilekile. Wenzangu wakataka aikatishe. Mimi nilikataa, na nadhani nilikuwa sahihi. Kiongozi wa Kizanzibari ukimnyang'anya baraza umemziba masikio, atabaki kusikia wasaidizi wake tu. Tukabadilisha siku na saa, tukabadilisha njia ya kufikia, na kiti tukakitia ubavuni mwa mlango badala ya kukiacha kinatazama uchochoro. Alilalamika wiki moja kisha akazoea.

Sasa nifike kwenye lile la dele, birika la muuza kahawa, ambalo ndilo hasa nililotaka kulisema.

Kabla ya fujo, watu wa mahali hapo wanajua. Wanawake wanaita watoto ndani bila kupiga kelele. Mwenye duka anateremsha mbao za dirisha nusu. Mchezo wa mpira unakatika bila mtu kufunga goli. Na muuza kahawa, ambaye siku zote huondoka wa mwisho, anaokota vikombe, anafunga dele lake, anakwenda zake wakati wateja bado wapo. Siku moja mwaka 2001, Unguja mjini, upande wa Ng'ambo, niliyaona yote hayo ndani ya robo saa. Mzee yuko ndani ya ukumbi anazungumza vizuri, watu wanamsikiliza. Nje muuza kahawa kaondoka, na Alasiri bado haijaadhiniwa.

Tulikuwa na maneno yetu. Nikimwambia "Mzee, dawa zako," maana yake ni tunaondoka sasa hivi, wala hakuna mjadala. Nilikwenda mpaka mezani nikamwinamia sikioni nikayasema. Akanitazama kwa hasira, akaomba radhi kwa watu, tukatokea mlango wa jikoni, gari ilikuwa imegeuzwa kichwa inatazama barabara, dereva hajashuka. Dakika moja na nusu tumeshaondoka.

Na hakukutokea kitu. Hakuna jiwe, hakuna moshi, hakuna aliyepiga kelele. Mzee hakusema nami siku tatu, kisha akanambia nimemwaibisha mbele ya watu wake kwa sababu ya muuza kahawa. Sikuwa na ushahidi wa kumwonyesha, na mpaka leo sina.

Lakini nilijua kitu ambacho yeye, kwa cheo chake, hakukiona. Jiwe likiigonga gari ya kiongozi, kiongozi ataondoka salama, gari ile ni nzito. Watakaobaki ni watu wa mtaa. Usiku watakuja askari wa kutuliza ghasia, milango itavunjwa, vijana watachukuliwa pamoja na wasiokuwapo, na mama zao watazunguka vituoni na vyakula kwenye vikapu mpaka asubuhi. Nimeyaona hayo kwetu. Mlinzi akimtoa kiongozi kabla ya jiwe la kwanza, kawalinda watu mia tatu ambao hawatajua kamwe kuwa walilindwa. Vijana wanadhani ushujaa wa kazi hii ni kubaki na kukabili. Ondoka mapema. Ondoka ukiwa unaonekana mwoga, na umwache kiongozi akasirike.

Mambo ya afya yanasahauliwa na wengi. Viongozi wetu wengi ni watu wazima wenye kisukari na presha, na mkutano wa jua kali utawaumiza upesi kuliko bastola ya mtu. Mfukoni nilikuwa na tende na pakiti ya glukosi kila siku, Ramadhani pia, kwa dharura. Kundi la damu la Mzee nilikuwa nimeliandika ndani ya mkanda wangu. Tukifika Pemba, kabla ya lolote, nilikuwa napita hospitali, Chake Chake, Wete au Mkoani, kutegemea ziara, nikiuliza daktari gani yuko zamu na jenereta ina mafuta kiasi gani. Umeme wa Pemba ulikuwa wa majenereta mpaka kebo ya chini ya bahari kutoka Tanga ilipowashwa 2010. Sasa kuna umeme, lakini uliza vilevile.

Baada ya tarehe 5 Novemba 2009, Rais wa Zanzibar Amani Karume na kiongozi wa upinzani Maalim Seif wa CUF walipokutana Ikulu kupatana, kazi yangu ilibadilika ghafla. Wete watu walikuja kumpa mkono Mzee, wakicheka, wengine wakilia. Nikagundua kuwa sikuwa nimejiandaa kwa umati wenye furaha. Umati wa hasira unakuachia nafasi, umati wa furaha unakukaba. Watoto wanabanwa, kina mama wanaanguka. Hapo mlinzi awe nyuma ya kiongozi akimshika mkanda, asimwache asimame mahali pamoja, na wenzake wafungue njia kwa sauti ya upole. Ilipofika kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010, asilimia 66 wakakubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa, nami mwaka huohuo nikakabidhi silaha.

Sikupata usingizi mzuri hata baada ya hapo. Tarehe 28 Oktoba 2015 tulipotangaziwa kuwa uchaguzi wa Zanzibar umefutwa, nilikuwa nyumbani, mstaafu, na nikajikuta nimesimama nimekwishafunga madirisha yote bila kukumbuka nilivyonyanyuka. Msikitini mpaka leo nasimama safu ya nyuma, karibu na nguzo. Mke wangu alivumilia miaka kumi na moja ya kutoambiwa naenda wapi. Hilo nalo umwambie mwenzio kabla hujasaini, kwa sababu watoto wako watachokozwa skuli kwa siasa ambazo wewe mwenyewe hukuzichagua, na hutakuwa na ruhusa ya kuwaeleza.

Mpwa wangu alinisikiliza vizuri. Bosi wake ana ziara ya Pemba mwezi ujao, na timu yao inakwenda siku moja kabla. Nilimwambia siku moja haitoshi. Ameomba likizo ya wiki na anaondoka Alhamisi kwa meli. Nimemwambia ashuke Mkoani apande gari ya abiria, asipige simu ofisini kuomba ya kumpokea, na akifika Wete akae barazani anywe kahawa mpaka muuzaji amjue kwa jina.