Kabla hujakata bima ya nyumba, muulize fundi

Juzi usiku msomaji aliniandikia: "Dada, nimehamia kwangu Kibada, namshukuru Mungu. Wakala ananishauri nikate bima ya milioni 40 ili ada iwe ndogo. Nikate?" Niliusoma ujumbe ule mara mbili, nikaweka simu chini. Mdogo wangu, maneno hayohayo niliambiwa na mimi.

Nyumba yetu iko Goba. Mimi na baba watoto tuliijenga kwa miaka tisa, kwa mishahara na vikoba, na kupaua tulipaua kwa mkopo. Siku tunahamia, milango ya ndani haikuwepo, tulitundika khanga. Tangu siku hiyo sijapanga tena, na najivunia mpaka leo. Nilipokata bima nilijumlisha risiti zangu zote za ujenzi, ikaja milioni 60. Wakala akasema inatosha, tena ada itakuwa nafuu. Nikasaini bila kusoma.

Moto ulianzia kwenye soketi ya friji, saa kumi alfajiri. Ukala jiko, stoo na paa lote la nyuma. Watoto tuliwatoa salama. Akaja mkadiria hasara, akapima, akapiga picha, akaandika: milioni 30. Nikapumua. Nina bima ya 60, hasara ni 30, si nalipwa yote?

Nililipwa kwa hesabu ya milioni 15, na hapo bado haijakatwa ile sehemu ya hasara ambayo mkataba unamwachia mwenye nyumba aibebe mwenyewe.

Bei ya saruji, nondo na bati wakati naweka msingi si ya leo. Kuijenga upya nyumba ile siku ilipoungua kungehitaji milioni 120. Mimi nilikuwa nimeikatia bima nusu ya hiyo, na mkataba ulikuwa na kifungu cha uwiano: ukikatia nusu ya thamani, kila hasara utalipwa nusu, hata kama limeungua jiko peke yake. Kampuni haikuniibia. Kifungu kilikuwepo, na sahihi ilikuwa yangu. Kinachoniuma ni yule wakala. Alikunywa chai sebuleni kwangu, aliiona nyumba kwa macho yake, akanyamaza ili nisaini. Baada ya moto hakupokea tena simu zangu. Paa tulilirudisha kwa kuuza kiwanja cha Kibaha tulichowawekea watoto.

Kwa hiyo usitumie risiti za zamani. Usitumie pia bei ambayo ungeiuza nyumba, maana humo kuna thamani ya kiwanja, na kiwanja hakiungui. Mwite fundi unayemwamini, au mkadiriaji majenzi, yaani mtaalamu wa kupiga hesabu za gharama za ujenzi, kama uwezo upo, akupe gharama ya kuisimamisha upya kwa bei za sasa. Kila mwaka ukihuisha bima, rudia hesabu hiyo.

Jengo na vitu vya ndani hukatiwa kila kimoja na kiasi chake, kwa hiyo makochi na televisheni visidhaniwe vimo. Uzio nao utajwe. Mafuriko uliza kwa jina lake, hasa sisi wa Dar tulioiona masika ya 2024. Mchwa na nyufa za nyumba kuchakaa kwa kawaida havilipwi. Na kama mbele umefungua fremu, hasa ya kuuza gesi, sema mapema, maana ukificha unawapa sababu ya kukataa dai lako.

Ndugu zangu, bati tunazunguka Kariakoo siku tatu tukilinganisha geji. Mkataba wa kuilinda nyumba nzima tunausaini tumesimama mlangoni, tukiona aibu kuuliza. Uliza! Lugha ikikushinda, mwambie wakala akueleze kila kifungu kwa Kiswahili, na akikwepa, muache aende. Hakikisha kampuni na wakala wana leseni ya TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini. Dai likikwama na kampuni haikusikilizi, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Mimi nilimjua nikiwa nimeshauza kiwanja.

Mdogo wangu wa Kibada, usisaini wiki hii. Mpigie fundi aliyekupaulia, mwambie aje na futi. Halafu piga picha kurasa zote za huo mkataba, hata zile za maandishi madogo, unitumie tuzisome pamoja.