Jibu: Train to Busan imeniliza, Peninsula imeniboa, kuna sehemu nimeruka?

Salama mkuu. Hujaruka kitu. Zote mbili ni muvi za mazombi za Kikorea za dairekta Yeon Sang-ho ila Peninsula (2020) ni miaka minne baadaye na watu wapya kabisa, kwa hiyo ukimsubiri yule mtoto wa kwenye treni utasubiri sana. Mi nilikosea hivohivo, nikaiweka nikitegemea machozi nikakuta magari yanakimbizana usiku na lori la hela, nikaichukia. Juzi nimeirudia kama muvi ya ekisheni tu, inaangalika, ila haifiki kwa ile ya kwanza maana mle behewani hakuna pa kukimbilia, na yule mwigizaji Ma Dong-seok anavyowatwanga mazombi ngumi unasahau hata kutafuna bisi.

Kabla hujaigusa Seoul Station, ile inayotangulia stori ya Train to Busan, cheki kopi uliyonayo. Kama ni ya kutafsiriwa achana nayo, yangu DJ aliongea mpaka kwenye vilio, tafuta yenye sabutaito. Ni katuni lakini usiwawekee watoto aisee, na mwisho wake mchungu kuliko treni.