Setilaiti inaona bati, haimwoni mtu aliye chini ya mwarobaini

SWALI: Shikamoo kaka. Nasoma mipango miji, nimetumia picha za setilaiti ya Landsat kuchora ramani ya wapi Tanga mjini watu wanaumia na joto wakiwa nje. Sasa kule Ngamiani mabati mapya yanatokea ya baridi kuliko barabara iliyo pembeni, na mi nimekulia pale, siamini. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hesabu yako haina shida, ila ulichopima ni joto la ngozi ya mji, yaani bati, lami, majani ya juu ya mti, sio joto analolipata mama anayeuza maandazi chini ya huo mti. Alafu bati jipya linalong'aa linatoa miale yake kidogo sana, kwa iyo setilaiti inadanganyika inadhani limepoa, wakati ukiligusa linakuunguza. Na Landsat inapita saa nne na kitu asubuhi, saa nane mchana yenyewe haipo.

Mwili unahesabu vitu vinne kwa pamoja, joto la hewa, unyevu, upepo, na miale inayokupiga kutoka juani, ukutani na chini. Hapa kwetu pwani unyevu uko juu kila mahali, na hewa ya kivulini na ya juani inapishana digrii 1 au 2 tu, ila miale ndo inapishana hata digrii 20 na zaidi, ndo maana ukivuka tu kutoka mwarobaini kwenda barabarani unahisi umeingia jikoni. Ramani yako ifuate hiyo miale.

Chukua QGIS, programu ya kuchora ramani, ni ya bure, ongeza UMEP, ambayo ni nyongeza yake, humo ndani kuna SOLWEIG, modeli ya kuhesabu hiyo miale, iliyotoka Chuo Kikuu cha Gothenburg, Sweden. Inataka urefu wa nyumba, urefu wa miti na hali ya hewa ya saa kwa saa. Nyumba za Ngamiani nyingi ni za chini hazitakusumbua, kazi ipo kwenye miti, na usiiruke hata kama inachosha maana ukiisahau miti umefuta kivuli chote cha mtaa. Matokeo yabadilishe kuwa UTCI, yaani kipimo cha joto jinsi mwili unavyolihisi, kwa digrii, kuanzia 32 hadi 38 ni mzigo mkubwa wa joto, 38 hadi 46 mkubwa sana.

Wengi wanateleza kwenye upepo. UTCI inataka upepo wa mita 10 juu, ukiingiza uliopima usawa wa kifua bila kuubadilisha, ramani itatia chumvi. Na upepo wa uwanja wa ndege sio wa uchochoroni.

Usianze na mji mzima. Chukua barabara moja Ngamiani na kipande kimoja Raskazone, kaskazi ya Februari, saa nane mchana. Kuipima hiyo miale mwenyewe, chukua mpira wa ping pong, upake rangi ya kijivu, tia kipimajoto katikati, ukae dakika 10 juani na 10 kivulini, andika na upepo. Modeli ikikaribiana na huo mpira ndo utanue, isipokaribiana rudi kwenye miti kwanza.