Maswali ya wasomaji: rola kosta, treni inayosimama juu, na bembea za Nanenane

Tangu niandike toleo lililopita kwamba nilipokuwa nafanya kazi Johannesburg nilikuwa namalizia mshahara kwenye rola kosta za Gold Reef City, meseji hazikomi, toka Tabora, Kigoma, Kasulu mpaka Urambo. Kwa ambao hawakusoma, rola kosta ni ile treni ndogo ya wazi inayopandishwa mlima wa chuma au wa mbao halafu inaachiwa ishuke yenyewe. Leo najibu yale yaliyojirudia sana.

Habari za kazi mwanangu. Kijana wangu yuko Afrika Kusini anasema nikienda kumtembelea atanipandisha hiyo treni inayopinduka. Sasa watu wakiwa kichwa chini wanashikiliwa na nini, mkanda tu? (Mama, Kasulu)

Shikamoo mama. Chukua ndoo yenye maji nusu, izungushe kwa nguvu juu ya kichwa kama watoto wanavyofanya kisimani, maji hayamwagiki. Treni ikipita na spidi yake kwenye kitanzi, yaani pale reli inapozunguka mpaka inakupindua kichwa chini, ni hivyo hivyo, mwili unataka kwenda moja kwa moja lakini reli inaukunja, kwa hiyo hata ukiwa juu pale kiti ndo kinakusukuma wewe, hauning'inii. Zamani hawakujua kukichora. Mwaka 1895 pale Coney Island, New York, walijenga kitanzi cha duara kamili, watu wakawa wanashuka wameshika shingo, maana unatoka kwenye tambarare unaingia kwenye mkunjo mkali kwa ghafla. Ilikuja kukaa sawa 1976 kule California kwenye rola kosta inayoitwa Revolution, Mjerumani Werner Stengel akapiga hesabu za kitanzi chenye umbo la tone la maji, chini kimelegea, juu kimebana, mwili unaingia taratibu.

Ila zipo sehemu zingine treni inapinduka polepole na hapo kweli unaning'inia, ndo maana kuna chuma cha mabegani au cha mapajani kinachojifunga chenyewe na wewe huwezi kukifungua. Na treni nayo haiwezi kuachia reli, kwa sababu kila sehemu ina magurudumu ya aina tatu, ya juu yanabeba uzito, ya pembeni yanaongoza, na ya chini yamekumbatia reli kwa chini. Hayo ya chini John Miller aliyachukulia hataza, yaani haki ya mvumbuzi, 1919 na mi naona ndo uvumbuzi mkubwa kuliko wote kwenye hii kitu. Mwambie kijana akupeleke Anaconda, rola kosta ya Gold Reef City, miguu inaning'inia hewani, vua viatu vya wazi kabla.

Nimeona kwenye simu ya mjukuu wangu treni ya burudani huko Ulaya imesimama katikati ya mlima, watu wanashushwa kwa ngazi mmoja mmoja. Unasifiaje kitu kinachoharibika na watu wako juu? (Mzee, mstaafu wa reli, Tabora)

Shikamoo mzee wangu. Nimefurahi swali hili limetoka kwako, kwa sababu jibu lake wewe umeliishi kazini. Tangu reli ifike Tabora 1912 na Kigoma 1914, kanuni ni moja, kipande kati ya stesheni na stesheni kinaingia treni moja tu, na stesheni masta haruhusu ya pili mpaka ahakikishiwe ya kwanza imetoka. Rola kosta nayo iko hivyo hivyo. Njia imekatwa vipande, na mwisho wa kila kipande kuna kitu kinachoweza kuisimamisha treni, iwe cheni ya kupandishia au breki. Sensa, vile vifaa vya njiani vinavyohisi treni ikipita, zinaiambia kompyuta treni gani iko wapi, na kama kipande cha mbele hakijawa wazi, hata kama ni abiria tu amechelewa kushuka stesheni au kofia imedondoka njiani, treni ya nyuma inasimamishwa pale pale ilipo. Kwa hiyo ile uliyoiona juu ya mlima mara nyingi haijaharibika mzee, imetii.

Na ukiwa juu pale hairudi nyuma. Ile sauti ya tak tak tak unayoisikia wakati inapanda ni ulimi wa chuma chini ya behewa unaodondokea kwenye meno ya mlima, jino baada ya jino, cheni ikikatika ulimi unakaa kwenye jino la mwisho basi. Breki za upepo nazo zimetengenezwa kinyume na mtu anavyofikiria, upepo unazifungua, ukikata zinabana. Zile za sumaku hazihitaji hata umeme, bati la shaba linapita katikati ya sumaku na spidi inaliwa yenyewe.

Sasa mzee nikwambie hatari iko wapi. Tarehe 2 Juni 2015, Alton Towers, Uingereza, kwenye rola kosta inayoitwa Smiler, kompyuta iliisimamisha treni yenye watu 16 kwenye mlima kwa sababu kipande cha mbele kilikuwa na treni tupu iliyokwama. Mafundi hawakujua kama kuna treni imekwama kule, wakaona kompyuta inadanganya, wakaizidi nguvu wakaiachia. Zikagongana. Wasichana wawili walikatwa mguu kila mmoja, na kampuni ikapigwa faini ya pauni milioni 5 mwaka 2016. Mashine ilisema simama, binadamu akasema nenda bila kwenda kuangalia kwa macho. Ndo maana mi sehemu ninayoipenda ni ile ambayo opereta akipata shaka kidogo anafunga, foleni inanung'unika, watu wanadai hela zao, yeye kafunga na fundi anatembea njia yote kwa miguu.

Kaka ile Kingda Ka nasikia imebomolewa, kweli? Na ipi kali kwa sasa? (Kijana, Mwanga, Kigoma)

Kweli. Ilikuwa rola kosta ya New Jersey, Marekani, mita 139 kwenda juu, spidi kilomita 206 kwa saa, ilifunguliwa 2005, ikafungwa 2024, na Februari 2025 wakailipua. Ya spidi ukitaka ipo Formula Rossa pale Abu Dhabi tangu 2010, inafika 240 kwa saa na unavalishwa miwani ya kuzuia mchanga na wadudu. Lakini mdogo wangu urefu na spidi vinachosha haraka, kitu kitamu ni pale treni inapovuka kilima na makalio yanaachana na kiti, sekunde moja unaelea. Kaa behewa la nyuma, linavutwa kilimani kwa nguvu zaidi. Na heshimu za zamani pia, kuna Leap-the-Dips kule Pennsylvania, ya mbao, ya 1902, yaani imeitangulia reli yetu kufika Tabora kwa miaka kumi, na mpaka leo imesimama.

Mwanangu alikataliwa kwenye mchezo mmoja kwa kupungua sentimita mbili tu, alilia mpaka tunarudi nyumbani. Si roho mbaya hiyo? (Baba, Urambo)

Pole kwa mtoto, ila huyo aliyemkataa mshukuru. Kipimo hicho, kwa nyingi ni sentimita 122, kinatokana na kiti chenyewe, chuma kinatakiwa kikae juu ya mapaja na nyonga, mtoto akiwa mfupi kinakaa mbali naye na anaweza kuchomoka kwa chini. Usimvalishe viatu vya soli nene mwakani ili apite, nimeona wazazi wanafanya hivyo na inaniuma sana.

Huku kwetu hakuna rola kosta, tuna bembea za kuzunguka zinazoletwa sikukuu na Nanenane pale Ipuli. Nitajuaje kama ni salama? (Dada, Tabora mjini)

Dada hili ndo swali lililonikaa moyoni wiki nzima. Miaka michache nyuma nilimpeleka mtoto wa dada yangu kwenye maonyesho, kuna bembea ya viti vya minyororo, tayari ameshakaa. Nikainama kuangalia cheni ya mbele inayomzuia mtoto asiteleze, pale inapofungiwa palitakiwa pawe na pini, nikakuta msumari wa inchi nne umekunjwa kwa nyundo, na kwenye kunjo umeshaanza kupasuka, kutu imeingia kwenye ufa. Nikamwambia kijana anayeendesha, akasema umekaa hivyo tangu mwaka jana na haujawahi kutoka. Nikamshusha mtoto. Wengine wakabaki wamekaa na bembea ikazunguka, na mi nimesimama pale nimeshika mkono wa mtoto mpaka iliposimama.

Kwa hiyo kabla hujalipa simama uangalie mzunguko mmoja mzima. Kule Johannesburg kabla treni haijaondoka mfanyakazi alikuwa anapita kwa kila mtu, anasukuma chuma chini, anakivuta juu, anakwenda kwa anayefuata, hata kama ameshafanya hivyo mara mia siku hiyo, halafu ndo ananyanyua dole gumba kwa opereta. Huku kwetu hiyo haihitaji hela. Mwangalie anayeendesha, anagusa kila kufuli kwa mkono wake au anaangalia kwa mbali? Mkono wake uko karibu na swichi au yuko kwenye simu? Asubuhi aliizungusha tupu kwanza? Kuna uzio, au watoto wanapita chini ya viti? Halafu inama uangalie pini, iwe pini ya kiwandani yenye klipu yake, sio waya, sio msumari, sio kamba. Ukikuta msumari mshushe mtoto na uwaambie na wazazi wengine kwa sauti, usione aibu.

Nanenane nitakuwa Ipuli toka asubuhi kabla watu hawajajaa, nitazunguka bembea zote nipige picha za pini, nitaziweka hapa toleo linalofuata.