Gambuti si kiatu cha kila kazi ya bustani

Msomaji mmoja ametuandikia kwamba alinunua gambuti mpya kwa ajili ya bustani yake ya mboga. Baada ya wiki ya palizi kisigino kimechubuka, nyuma ya goti kuna mstari mwekundu, na sasa amerudia kandambili. Anauliza kama abadilishe achukue namba kubwa zaidi. Hapana. Namba kubwa itamwongezea malengelenge. Amevaa kiatu cha maji kwenye kazi ya kuchuchumaa, na hilo limeenea mno: mtu akishaumizwa na gambuti mara moja huona viatu vyote vya shamba ni mateso, anaishia kulima peku.

Na kulima peku kuna gharama yake. Minyoo michanga ya safura hukaa kwenye udongo wenye unyevu na kivuli uliofikiwa na choo cha binadamu, na huingia kwa kutoboa ngozi, mara nyingi katikati ya vidole. Funza hupenda vumbi la mchanga mkavu karibu na mabanda ya mbuzi, nguruwe na mbwa, na jike huchimba pembeni mwa kucha. Kwenye udongo mwekundu wa volkano wa nyanda za juu, kama Ethiopia, Rwanda na sehemu za Uganda, miaka mingi ya kutembea peku huweza kuvimbisha miguu kwa ugonjwa unaofanana na matende, ingawa hauletwi na mbu. Msumari wenye kutu au mwiba huweza kuingiza pepopunda, na hapo hata kiatu kizuri hakiondoi haja ya chanjo. Kandambili hufunika unyayo tu, huteleza kwenye tope la mfinyanzi, na kigingi chake hung'oka pale unapokanyaga sepetu. Makatambuga ya tairi yanashinda mbigili na miiba ya migunga vizuri kuliko viatu vingi vya dukani, ila vidole vinabaki wazi mbele ya jembe.

Kwa hiyo gawa kazi kwanza, kisha ununue. Maji, umande, majani marefu na dawa ni kazi ya gambuti. Kuchimba na kulima pakavu kunataka buti la ngozi au la turubai lenye soli ngumu na kisigino kilichojitokeza. Palizi, kupandikiza miche na kuvuna mchicha, kazi za kuchuchumaa na kupiga goti, zinataka kiatu kifupi chepesi cha kufunga kamba, na raba ya mtumba yenye soli nzima inatosha kabisa. Ukiwa na fedha ya jozi moja tu, chukua gambuti fupi, ile inayofika katikati ya shavu la mguu. Haitakupa kila kitu, lakini utaweza kuchuchumaa nayo na bado ikakukinga na umande.

Sasa kipimo, maana hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa. Gambuti haina kamba. Kinachoishikilia mguuni ni sehemu moja tu: juu ya mguu, pale ambapo kamba zingefungwa. Ikilegea hapo, kila hatua kisigino hupanda na kushuka, na msuguano huo ndio unaotengeneza lengelenge. Nenda dukani jioni, wakati miguu imeshavimba kwa kazi za siku, ukiwa na soksi zile zile utakazovaa shambani. Ingiza mguu, usukume mbele mpaka vidole viguse, kisha pitisha kidole kimoja cha mkono nyuma ya kisigino. Kikiingia kwa kubanana kidogo, urefu unafaa. Vikiingia viwili, buti ni kubwa. Tembea hatua kumi na uchuchumae kabisa dukani hapo hapo, usione haya. Kisigino kupanda kidogo sana ni kawaida, lakini kikipanda sentimita mbili, rudisha. Mwisho, pitisha vidole viwili kati ya shavu la mguu na shingo ya buti. Visipopita, damu itabanwa na suruali haitaingia.

Upana hupimwa kwa karatasi. Simama juu ya karatasi ngumu, uzito wote ukiwa kwenye mguu huo, chora kuuzunguka, kata, kisha ingiza umbo hilo ndani ya kiatu. Kingo zikikunjika pembeni, vidole vyako vitakunjika hivyo hivyo. Pima miguu yote miwili na ununue kwa kufuata mkubwa. Gambuti nyingi huuzwa kwa namba kamili bila nusu, kwa hiyo mwenye mguu wa katikati achukue namba ya juu na aongeze soli ya ndani inayotoka, ambayo pia inaweza kutolewa na kuanikwa.

Ule mstari wa nyuma ya goti una tiba rahisi. Gambuti nyingi za plastiki zina mistari iliyochongwa kuzunguka shingo, na imewekwa kwa ajili ya kukatia. Chuchumaa, tia alama kwa kalamu pale kingo inapogusa mkunjo wa goti, shuka vidole vitatu, kisha fuata mstari ulio karibu kwa kisu kikali bila kukiinua. Kingo yenye mikwaruzo isuguliwe kwa msasa, vinginevyo itakata soksi. Usikate buti unalotegemea kwenye mifereji ya maji au kwenye vichaka. Nyoka aina ya bafe hutulia majanini bila kukimbia mpaka akanyagwe, na huuma mguu au chini ya goti. Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa yaliyopuuzwa mwaka 2017, na kiatu kirefu ni miongoni mwa kinga za kwanza kwa mkulima.

Soksi zina uzito sawa na kiatu chenyewe. Pamba tupu hunyonya jasho ikabaki nalo, na ngozi iliyolowa huchubuka upesi. Soksi ndefu za mpira wa miguu zinazouzwa kwenye mitumba ndizo bora kwa gambuti: hufika chini ya goti, hazishuki, na hukauka haraka. Uwe na jozi mbili, ubadilishe mchana. Gambuti haipumui hata kidogo, na mguu ukishinda ndani yake siku nzima kwa soksi moja, fangasi haikawii kuingia kati ya vidole.

Kuhusu soli, angalia udongo wako. Kwenye mfinyanzi na ule udongo mweusi wa mbuga, meno marefu yaliyokaribiana hujaa tope, kila mguu ukawa mzito na magoti yakaumia kabla ya saa sita. Tafuta meno mafupi yaliyoachana, ambayo tope hudondoka lenyewe ukikung'uta. Kwenye kichanga au kokoto, meno ya namna yoyote yanafaa, mradi soli iwe nene. Kisha kunja kiatu kwa mikono miwili. Kinapaswa kukunjika penye mzizi wa vidole. Kikikunjika katikati kama chapati, kiache: ukikanyaga bega la sepetu, chuma kitakaa moja kwa moja kwenye uvungu wa unyayo, na maumivu yake hudumu siku kadhaa. Kisigino kilichojitokeza nacho ni muhimu, kwa sababu ndicho kinachozuia mguu usiteleze kwenye sepetu au jembe la uma.

Je, buti lenye chuma mbele? Lenye alama S5 chini ya EN ISO 20345, kiwango cha kimataifa cha viatu vya usalama kazini, lina kofia ya vidole iliyojaribiwa kwa kishindo cha jouli 200, karibu sawa na kilo 20 kuanguka kutoka kimo cha mita moja, pamoja na bamba la kuzuia msumari kupenya soli. S4 lina kofia bila bamba. Kama unasafisha kiwanja cha zamani chenye misumari na vioo, lipia hilo bamba. Kwa palizi ya kawaida ni uzito wa bure. Na kofia hailindi muundi wala juu ya mguu, pale panga na jembe hupenda kutua, kwa hiyo ukilima tanua miguu na weka vidole nje ya njia ya jembe.

Kwenye kunyunyizia dawa sina nafasi ya majadiliano. Vaa gambuti isiyo na kitambaa ndani, suruali ikae nje ya shingo ya buti, maana ukiichomeka, dawa itatiririka ndani kama kwenye faneli. Buti la ngozi lisikaribie pampu kabisa. Ngozi hunyonya dawa na haioshiki ikatoka, utaendelea kuivaa kila siku. Ukimaliza, osha buti kwa maji na sabuni ukiwa bado umevaa pamoja na glovu, mbali na mto na kisima, ndipo uvue.

Jioni suuza tope, toa soli ya ndani, jaza magazeti makavu na uyabadilishe yakilowa. Kisha pindua buti juu ya kijiti kivulini. Jua kali hukausha upesi lakini huifanya plastiki kuwa ngumu, ikapasuka pale inapokunjika kwenye vidole. Kupindua kunazuia pia nge, tandu na vyura kujihifadhi humo, ila bado ikung'ute kila asubuhi kabla ya kuingiza mguu.

Ikivuja, jaza maji uone yanapotokea, kausha, kisha tambua kama ni ya plastiki au ya mpira. Sindano ya moto huyeyusha plastiki, lakini mpira huungua bila kuyeyuka. Mpira unazibwa kwa kiraka na solusheni ya tyubu ya baiskeli baada ya kukwaruzwa kwa msasa. Plastiki haishiki solusheni hiyo hata ukiigandamiza usiku kucha. Inataka gundi ya vinaili au fundi wa kuunga kwa moto. Ufa ukiwa penye mkunjo wa vidole hakuna kiraka kitakachodumu. Ukiwa kwenye shingo, kata buti chini ya kifundo, nawe una kiatu cha kuchomeka cha kumwagilia bustani ya nyuma ya nyumba.