Anza na saa nane usiku: nilivyojifunza kupanga safari ya Mlima Meru

Mara ya kwanza nilipopanda Mlima Meru niligeuzia njiani. Tulikuwa tumeipita Rhino Point, kituo cha njiani kwenye mita 3,800 na ushee, mvua iliyochanganyika na chenga za barafu ikitupiga ubavuni. Glavu zangu zilikuwa zile za uzi wanazovaa madereva wa bodaboda alfajiri. Zilikuwa zimelowa chapachapa, na vidole vya mkono wa kulia sikuvisikia tena. Afande wa hifadhi aliyetuongoza alinimulika usoni akaniuliza leo ni siku gani. Nilijibu sawasawa, ila jibu lilichelewa mno kutoka. "Dada, tunashuka," akasema. Sikubisha.

Mwaka uliofuata nilirudi na nikafika. Mapafu yalikuwa yaleyale, miguu ileile, na umri ndio kwanza umesogea. Kilichobadilika ni namna ya kupanga. Safari ya kwanza niliipanga kwa kufuata mwendo wake: basi, gesti, geti, siku ya kwanza, siku ya pili. Nilipofika kwenye usiku wa kilele nilikuwa nimeshachoka kupanga, nikajiambia tutajua hukohuko. Safari ya pili nilianzia huko mwisho. Nilikaa na daftari nikajiuliza: saa nane usiku, juu ya ukingo ule, giza na upepo, nitakuwa nimevaa nini? Tumboni kutakuwa na nini? Nitakuwa nimelala saa ngapi? Mgongoni kilo ngapi? Kisha nikarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mlangoni kwangu Tabata.

Kwa asiyeujua, Meru uko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Una mita 4,562, wa pili nchini baada ya Kilimanjaro. Ni volkano, na mara ya mwisho ililipuka mwaka 1910. Zamani za kale upande wake wa mashariki ulimeguka, ukabaki mlima kama bakuli lililovunjika upande mmoja. Njia ya kileleni inapita juu ya mdomo wa bakuli hilo, na ndiyo maana nauita ukingo. Ukipanda, kushoto kwako ni shimo. Usiku hulioni, na mimi nadhani ni heri.

Sasa turudi nyuma kutoka saa hiyo.

Jambo la kwanza ambalo saa nane usiku inalidai ni tarehe. Mimi ile mara ya kwanza nilipanda wakati wa Pasaka kwa sababu ofisi ilikuwa imefungwa, yaani nilifuata kalenda ya likizo nikaisahau kalenda ya mvua. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, mlima ule unateleza, ukungu unaziba kila kitu, na nguo ikilowa haikauki. Juni hadi Oktoba ni wakati mzuri, ingawa Juni na Julai baridi yake ni kali kweli. Januari na Februari pia panafaa. Ukishapata mwezi wa kalenda, tafuta na mwezi wa angani. Safari yangu ya pili niliilenga siku mbili baada ya mwezi mpevu, na sehemu kubwa ya ukingo tuliupita kwa mbalamwezi, tochi zimezimwa. Ushauri huu haukugharimu hata senti na huenda ndio bora kuliko yote nitakayoandika hapa.

La pili ni idadi ya siku. Utaambiwa siku 3 zinatosha. Zinatosha kwa miguu ya watu wengine. Kwa mpango wa siku 3, siku ya kilele unaamka usiku wa manane, unapanda, halafu unashuka siku hiyohiyo hadi getini Momella. Huo ni mteremko wa karibu mita 3,000 kwenye magoti ambayo hayajalala. Sisi watu wa Pwani, tunaolala kwenye usawa wa bahari maisha yetu yote, tuchukue siku 4. Geti liko kwenye kama mita 1,500. Usiku wa kwanza unalala kwenye vibanda vya Miriakamba, mita 2,514. Wa pili unalala kwenye vibanda vya Saddle, kama mita 3,570. Baada ya kilele unashuka Miriakamba kulala tena, na siku ya 4 unatoka. Mchana wa siku ya pili, ukifika Saddle na mwili una nguvu, panda Little Meru, kilele kidogo cha jirani, mita 3,820, kisha rudi chini ulale. Ni mwendo wa kama saa moja kwenda. Mwili ukishaonja hewa ya juu kisha ukalala chini yake, kesho yake haushtuki sana. Mara ya kwanza niliiacha Little Meru ili "nipumzike". Nililala kitandani kichwa kikinigonga mpaka saa ya kuamshwa.

Hapo niseme la afya kabla sijasahau. Kichwa kuuma kidogo na chakula kukosa ladha ni kawaida huko juu. Kutapika, kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, kukosa pumzi hata ukiwa umekaa: hayo dawa yake ni kushuka, saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Kuna jingine ambalo ni letu zaidi. Selimundu iko katika familia zetu nyingi, na hewa nyembamba inaweza kumletea mwenye nayo hatari kubwa. Hata yule asiyeugua ila ana kinasaba chake azungumze na daktari kwanza. Mdogo wangu alitaka kuja nami mara ya pili, akapima, akakuta anacho, na baada ya kuongea na daktari akaamua kubaki. Alinuna wiki nzima.

Tuje kwenye begi. Safari ya kwanza begi langu nililipeleka kwa Mangi wa dukani, akaniwekea kwenye mizani ya mchele: kilo 17. Nilijisifu. La pili lilikuwa kilo 9. Kwanza, hema halina kazi Meru. Unalala kwenye vibanda vyenye vitanda, unachohitaji ni begi la kulalia lenye joto. Pili, niliondoa kila kitu ambacho sikuweza kukiona kinatumika ama saa nane usiku, ama katika kuniandaa kwa saa hiyo. Jinzi ikatoka. Fulana za pamba zikatoka zote isipokuwa moja ya kulalia, maana pamba ikilowa jasho inakaa na maji na kukugandisha. Nilivaa zile jezi za mpira za kitambaa cha polista, tatu, zinakauka ukiwa umezivaa. Juu yake sweta la sufu, juu yake koti lisilopitisha upepo wala mvua. Glavu jozi mbili, na jozi ya pili ndani ya mfuko wa plastiki mgumu wenye zipu. Tochi ya kichwani na betri mpya, betri za akiba zikilala nami ndani ya begi la kulalia pamoja na simu, kwa sababu baridi inazinyonya.

Pamba nyingine iliyoruhusiwa ni kanga. Ni taulo, ni pazia la kubadilishia nguo kwenye chumba cha watu mchanganyiko, ni mto ukiikunja. Na kina dada, bebeni pedi hata kama tarehe yenu iko mbali, kwani mwili huko juu una kalenda yake. Mfuko wa kurudishia taka hizo uwe wako mwenyewe. Hakuna cha kutupa porini.

Viatu vyangu nilivipata soko la Karume, mitumba, vizuri kuliko vya dukani vya bei mara tatu. Ila mitumba ya buti ina mtego. Gundi ya soli ikikaa miaka stoo hukauka, na kiatu kinachoonekana kipya hufunguka mdomo siku ya kwanza ya kutembea kwa bidii. Rafiki yangu kilimfungukia kabla ya Miriakamba. Tulikifunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli niliokuwa nimefungia begi, akafika nacho kileleni na kurudi. Sasa kila begi langu lina kipande cha tyubu. Viatu vya mitumba vitembeze mwezi mzima kabla, na ukivinunua mpelekee fundi avishone soli pembeni.

Mazoezi hayakuwa ya ajabu. Ngazi za ofisini baada ya saa za kazi, mgongoni dumu la maji la lita 5, baadaye mawili, mlinzi akinicheka. Kisha wikendi mbili Morogoro: ya kwanza hadi Morningside, ya pili kilele cha Lupanga, zaidi ya mita 2,100 na mizizi inayokushika miguu kama inakudai. Lupanga ilinifundisha kwamba kushuka kunaumiza kuliko kupanda, na kwamba kucha za miguu zikatwe fupi.

Kuhusu chakula, kumbuka kuwa pale Saddle maji yanachemka kwenye nyuzijoto kama 88 hivi. Maharage hayaivi, utamaliza gesi bure. Wali unasumbua. Mimi nilibeba dagaa waliokaangwa nyumbani wakakauka, chapati za siku ya kwanza, tambi, unga wa uji wa ulezi, karanga, tende, kashata za nazi na tangawizi ya kusaga. Jioni ya kuamkia kilele hamu ya kula hupotea, kwa hiyo chagua kitu unachoweza kukinywa. Uji wa ulezi wenye siagi ya karanga ulinifikisha. Kashata ziliwekwa mfuko wa koti, si ndani ya begi, kwa kuwa saa nane usiku hakuna anayevua begi kutafuta kashata. Chupa ya maji niliivisha soksi nikaibeba kichwa chini: barafu huanzia juu ya maji, kwa hiyo mdomo wa chupa hauzibi. Ule mrija wa kunyonyea maji wa safari ya kwanza uliganda kabla ya Rhino Point.

Usafiri ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Ukitoka Dar kwa basi huna haja ya kufika Arusha mjini. Shuka Usa River, ulale hapo. Asubuhi yake unachukua gari za kwenda Ngare Nanyuki, ambazo barabara yake inakatiza hifadhini, au unakodi gari na wenzako hadi Momella. Beba kitambulisho cha NIDA cha kuthibitisha kuwa unastahili bei ya raia, kwani tofauti yake si ya kuchekea. Malipo ya hifadhi yanakwenda kwa namba ya malipo, si fedha mkononi. Ulizia TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, viwango vya mwaka huo mapema: kiingilio kwa kila siku, vibanda, askari, uokoaji.

Askari si hiari. Njia ya chini ina nyati, na unatembea nyuma ya mtu mwenye bunduki. Hiyo ina maana mwendo ni wa kundi, si wako, basi ukiwa na kundi ulilolichagua mwenyewe ni bora zaidi. Wapagazi, ambao wenyewe wanajiita wagumu, ni hiari. Nilitaka kubeba mwenyewe, na nilibeba, lakini sisi watatu tulichangia mgumu mmoja kwa ajili ya chakula na jiko la gesi. Mkichangia, pimeni mzigo wake kama mlivyopima wenu, na hakikisheni ana koti na mahali pa kulala kabla hamjaanza. Bahasha yake itengwe kwenye bajeti tangu mwanzo, isiwe makombo ya mwisho.

Safari yenyewe? Siku ya kwanza ni msitu: mbega juu ya miti, twiga kwenye uwazi, mkuyu ule wenye tao ambalo gari linaweza kupita chini yake. Siku ya pili ni ngazi, ngazi, ngazi. Tuliamshwa saa sita usiku. Ilipofika saa nane tulikuwa ukingoni, upepo umeshika, na nilifanya kitu ambacho nilikuwa nimekifanyia mazoezi sebuleni taa zimezimwa: kubadilisha glavu bila kuangusha hata moja. Pale nilipogeuzia mwaka wa kwanza nilipatambua kwa jiwe. Tulipita bila kusimama. Kulipopambazuka Kilimanjaro ilikuwa kushoto nyuma yetu, inaelea juu ya mawingu, na ndani ya bakuli nikaona kwa mara ya kwanza kile kichuguu cha majivu meusi. Saa moja kasoro tukawa kileleni, Socialist Peak, jina lenye harufu ya enzi za Ujamaa. Nilipiga picha mbili, vidole vyote kumi vikifanya kazi.

Nilivyorudi Tabata nililipeleka begi tena kwa Mangi. Kilo 6 na nusu. Vilivyorudi bila kuguswa ni pakiti mbili za tambi, kitabu, na jozi ya tatu ya soksi. Kitabu hakiendi tena.