Maswali ya magari: Hita haipashi? Kwanza, themostati iko wapi?

Baridi ya Julai imeleta maswali ya hita kwa wingi. Mliouliza "hita haina nguvu, shida nini?" bila kutaja gari, mwaka wala mshale wa joto unasimama wapi, nimewaweka kando. Sipigi ramli.

*Fundi, nina Corolla 110 ya 1998. Nikitoka Molo asubuhi, hita inatoa hewa vuguvugu tu mpaka nafika Nakuru. Fundi wa hapa anataka kufungua dashibodi yote abadilishe rejeta ya hita. Nimpe kazi?* — Msomaji, Molo

Usimpe bado. Muulize kwanza kama themostati, ile vali inayozuia maji ya injini mpaka yapate joto, iko. Gari la zamani likichemka mara moja tu, fundi wa kwanza kuliona huing'oa, akaitupa, akamwambia mwenye gari kwamba kidude hicho ni cha nchi za baridi. Kama Molo si ya baridi, nionyesheni iliyo ya baridi.

Themostati hukaa imefunga mpaka maji ya injini yafike kama nyuzi 82, ndipo inafungulia njia ya kwenda kwenye rejeta kubwa ya mbele. Ukiitoa, maji yanapita kwenye rejeta tangu unapowasha gari, upepo unayapoza, na injini haifikii joto lake. Hita haina moto wake mwenyewe. Inaazima joto la maji hayo hayo, na injini baridi haina cha kuazimisha.

Pima mwenyewe. Endesha dakika ishirini ukitazama mshale. Mshale ukibaki chini sana, au ukianguka kila unapoteremka mlima, themostati haipo au imekwama ikiwa wazi. Nunua mpya inayofaa injini yako, pamoja na gasketi yake. Wenye gari lisilo na mshale, kuna taa ya buluu kwenye dashibodi. Hiyo ikichelewa sana kuzima, hadithi ni ileile.

Mshale ukisimama mahali pake na hewa bado ni vuguvugu, fungua boneti, ushike kwa uangalifu mipira miwili ya maji inayoingia kwenye ukuta wa nyuma ya injini kuelekea dashibodi. Yote miwili ikiwa moto, maji yanafika, na shida ni kilango cha ndani kinachochanganya hewa baridi na moto. Mara nyingi waya wake umechomoka tu. Mmoja ukiwa moto na mwingine baridi, koki ya hita haifunguki au rejeta ya hita imeziba. Hata hapo, iondolewe mipira injini ikiwa imepoa, ioshwe kwa maji ya bomba kutoka upande wa kutokea kwenda upande wa kuingilia, polepole. Fundi asiunganishe kompresa ya magurudumu. Ataipasua, na dashibodi itafunguliwa kweli.

Mtaona tope jekundu likitoka. Ni kutu, na mmeitia wenyewe kwa kujaza maji ya mfereji na ya kisima miaka nenda miaka rudi. Kulanti, ile ya kupozea injini, si maji ya rangi. Ina dawa ya kuzuia kutu, na inapandisha kiwango cha kuchemka. Changanya nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa chumvi, yale ya betri, kama hukununua iliyokwisha kuchanganywa.

*Feni ya hita inafanya kazi kwenye namba nne pekee.* — Elburgon

Rezista ya feni imeungua. Ni spea ndogo, usikubali kuuziwa feni nzima.

*Je, ni kweli hita inakula mafuta?* — Njoro

Hapana. Nimejibu hili kila msimu wa baridi. Joto lile lingetupwa nje na rejeta hata hivyo. Kinachokula mafuta ni injini isiyopata joto: kompyuta ya gari inadhani umewasha sasa hivi na inaendelea kuongeza petroli. Kwa hiyo aliyekutolea themostati ndiye wa kuulizwa.

*Hujambo fundi. Vioo vyangu vinajaa ukungu, ndani kuna harufu tamutamu, na zulia la upande wa abiria limelowa. Nimeshauriwa nitie dawa ya kuziba rejeta.* — Mama wa watoto wawili, Kericho

Sijambo, mama. Ukungu peke yake ungekuwa kitu kidogo: mvua ya Kericho, madirisha yamefungwa, na kile kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani kimewashwa. Ungekizima, ukawasha AC pamoja na hita, na vioo vingekauka. Lakini harufu tamu na zulia lililolowa ni rejeta ya hita inayovuja kulanti. Dawa ya kuziba haichagui tundu la kuziba. Itaziba vijia vyembamba vya hita hiyo hiyo, na pengine vya rejeta kubwa pia. Hapa dashibodi ifunguliwe, hakuna njia ya mkato.

Ukingoja zamu kwa fundi, mipira ile miwili inaweza kuunganishwa nje ili hita irukwe, kwa muda. Na zulia litolewe lioshwe. Kulanti nyingi ni sumu, na utamu wake huwavutia watoto na mbwa. Msiihifadhi kwenye chupa za soda.

*Mimi niko Kisumu, hita ya nini? Fundi ameiziba kabisa.* — Kondele

Siku utakapopanda kwenda Kericho na mshale ukaanza kukimbilia nyekundu, utaitaka. Kuwasha hita na feni hadi mwisho kunatoa joto kwenye injini, kiasi cha kukufikisha mahali salama pa kusimama. Utatoka jasho, lakini hutanunua hedi, yaani kichwa cha injini.

*Hita inapasha nikikanyaga mafuta, nikisimama kwenye foleni inapoa.* — Nakuru mjini

Maji yamepungua au kuna hewa ndani. Injini ikiwa baridi kabisa, simamisha gari pua ikielekea juu, fungua kifuniko cha rejeta, weka hita kwenye moto wa mwisho, kisha washa. Ongeza kulanti mpaka mapovu yaishe. Usikifungue kifuniko hicho injini ikiwa moto, hata kwa kitambaa. Na usifunge kifuniko cha kubahatisha: huko Timboroa, karibu mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, maji yasiyo na shinikizo huchemka kwenye nyuzi 91 hivi, kwa hiyo kifuniko kisichobana kinakuachia nafasi ndogo mno.

Mapovu yasipoisha, au maji yakipungua kila wiki bila kuvuja popote, gasketi ya hedi imepita. Kama hayo hayapo, ikague pampu ya maji.

*Nikiteremka Sachangwan kwenda Salgaa na gia huru, hita inapoa.* — Dereva wa Probox

Na wewe utapoa. Injini isiyofanya kazi haitoi joto, lakini si hilo la kukuhangaisha. Mteremko ule umeua watu wengi, na wewe umeziachia breki kazi yote. Tia gia.

*Tunashusha viazi kutoka Mau Narok na kulala ndani ya Canter tukingoja soko lifunguliwe. Tuache injini na hita usiku kucha?*

Msifanye hivyo. Ekzosi ya gari la zamani haikosi tundu, na gesi ya kaboni monoksidi haina harufu. Mtu huumwa kichwa kidogo, akasinzia, asiamke. Jiko la makaa ndani ya kebini ni vilevile, hata dirisha likiachwa wazi kidogo. Zimeni injini, mbebe blanketi.